Fahren na Safari: Maneno Mawili ya Mwendo katika Nchi ya Konde

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha yenye hoja nzuri kiasi cha kunitia huzuni nilipolazimika kuibomoa. Alikuwa amejifunza Kijerumani, akakutana na kitenzi fahren, ambacho maana yake ni kwenda kwa gari au kwa chombo, na tena kusafiri kwa jumla. Akaona katika kamusi kwamba shina la kale la kitenzi hicho ni far-, na kwamba watu wa Iceland husema fara hata leo. Basi akaandika kwamba neno letu safari limefanywa kwa kiambishi sa- na shina -fari, na kwamba Mwarabu, Mjerumani na Mswahili wote watatu wamechota maji katika kisima kimoja.

Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haisimami. Safari limetoka katika neno la Kiarabu safar, na mzizi wake una konsonanti tatu, s, f na r, ambazo hazitengani. Ukiiondoa s umeliua neno. Mzizi huo umewazalia Waarabu pia neno la balozi, safir, na maneno yenye maana ya kufunua uso, na wanazuoni wao wa zamani walipenda kueleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Ama fahren, f yake si ya asili. Mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha kwa utaratibu jambo ambalo Mdenmaki Rasmus Rask alikuwa ameligusa mwaka 1818, kwamba mahali penye p katika Kilatini na Kiyunani, lugha za ukoo wa Kijerumani aghalabu zina f. Pater, yaani baba kwa Kilatini, ni Vater kwa Kijerumani, na v hiyo hutamkwa f. Kwa Kiingereza ni father. Pes, yaani mguu, ni Fuß na foot. Kwa hiyo fahren ya kale na kale ilianza kwa p, na mzizi wake wataalamu huuandika per-, maana yake kupita, kuvuka kwenda upande wa pili. Nilimwomba kijana yule asije akaniletea insha ya pili juu ya kitenzi chetu pita.

Hata hivyo insha ile haikunitoka moyoni. Maneno mawili yasiyo ndugu yaweza kukutana njiani, na haya mawili yalikutana mahali ninapopajua: ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika uwanda wa mpunga ulio kati ya mto Songwe na milima ya Livingstone, nchi ambayo Wajerumani waliiita Konde. Mimi ni mtu wa Ngana, wilaya ya Kyela. Nitaeleza kwanza asili ya kitenzi cha Wajerumani, kisha mambo yaliyotokea kilipofika kwetu.

Mzizi per- una wajukuu wengi. Kwa Wayunani ulizaa poros, kivuko au njia. Kwa Warumi ulizaa porta, mlango, na portus, bandari. Katika ukoo wa Kijerumani ulizaa Furt, mahali ambapo mto huvukwa kwa miguu, na kwa Kiingereza ford. Ndiyo maana mji wa Frankfurt, ukiufunua jina, ni kivuko cha Wafranki, na Oxford, pamoja na sifa zake zote za elimu, ni mahali ambapo ng'ombe walivushwa mto. Hata fjord, ile mikono ya bahari iingiayo katika nchi ya Norway, ni ya nyumba hiyo hiyo.

Kitenzi chenyewe hapo zamani hakikuchagua chombo. Maandishi marefu ya kwanza ya ukoo huu wa lugha tuliyo nayo ni Biblia ya Kigothi, iliyofasiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya nne. Katika Injili ya Luka, pale Yesu anapowakataza wanafunzi wake kuhama nyumba hii hata nyumba hii, Wulfila aliandika faran. Na pale wanafunzi wanapovuka ziwa chomboni, kabla ya dhoruba kuwashukia, aliandika farjan, tawi la kitenzi kile kile. Mguu na mashua vilikaa katika neno moja bila kugombana.

Baadaye ndugu waligawana urithi, na kila mmoja akashika fungu lake. Watu wa Iceland waliendelea na fara kwa kila namna ya kwenda. Mholanzi, kwa kuwa riziki yake ilikuwa baharini, alikitia kitenzi ndani ya merikebu: varen kwake ni kwenda kwa maji, na aendaye kwa gari hutumia kitenzi kingine. Mjerumani alikipandisha juu ya gurudumu. Kwake aendaye kwa miguu hufanya gehen, na fahren ni ya aliyechukuliwa na gari, meli, au treni. Mwingereza ndiye aliyefanya ajabu zaidi, maana alikitoa kitenzi barabarani kabisa. Fare kwake leo ni nauli. Tena ni chakula kiwekwacho mezani. Tena ni hali ya mtu, kwamba mambo yake yanakwendaje. Kuagana kwake, farewell, maana yake ni nenda salama, na neno lake la ustawi wa jamii, welfare, limejengwa kwa mti huo huo. Sisi nasi husema mambo yanakwenda vizuri, wala hatuoni kwamba tumeyapa mambo miguu.

Nauli, kwa kuwa nimeitaja, si neno letu la asili. Tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao naulon yao ilikuwa malipo ya merikebu. Kwa hiyo abiria wa basi la Kyela alipapo nauli hulipa, kwa jina, gharama ya kuvuka bahari ya Wayunani.

Ndani ya Kijerumani chenyewe kitenzi hiki kiliacha watoto ambao wasemaji wengi hawakumbuki tena nasaba yao. Fertig, maana yake tayari, kwanza ilikuwa sifa ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake akisubiri kuondoka. Gefährte, mwenzi, ni yule mliyeongozana njiani. Erfahren, kupata habari au kujua kwa kupitiwa na mambo, kwanza ilikuwa kuizunguka nchi mpaka kuimaliza. Na Erfahrung, ujuzi wa maisha, ni kile mtu alichorudi nacho. Nani katika sisi hawezi kulielewa neno hilo, naye amelelewa na wazee wamwambiao tembea uone? Wahenga waliobaki nyuma ya ukoo huitwa Vorfahren, waliotangulia kwenda. Wanyakyusa wangeliafiki jina hilo. Masimulizi waliyoyasikia Godfrey na Monica Wilson walipokaa kwetu katika miaka ya 1930 yanasema kwamba watawala wetu walitoka Ukinga, wakashuka milima ya Livingstone, wakaja na moto, chuma na ng'ombe. Na kati ya majina makuu ya masimulizi hayo yumo Lwembe, na yumo Kyala, ambaye jina lake wamisionari walilichukua baadaye wakamwitia Mwenyezi Mungu.

Mtoto mmoja wa fahren nataka nimweke peke yake, kwa sababu nitamrudia. Ni führen, kuongoza. Kwa umbo, kitenzi hiki ni fahren iliyofanyiwa jambo lile tulifanyalo sisi kwa enda kupata endesha, na kwa safiri kupata safirisha: ni kumfanya mwingine aende. Kwanza kilikuwa neno la mizigo na mikokoteni, na hadi leo mwenye gari la kukokotwa huitwa Fuhrmann. Kisha kikapanda cheo, kikawa neno la mkuu wa watu. Njia hiyo, ya kutoka kuendesha punda hadi kuendesha watu, haihitaji maelezo marefu kwa msomaji aliyesoma habari za karne ya 20.

Wajerumani wana neno jingine la safari, nalo ni Reise. Asili yake ni kuinuka, na ni ndugu wa rise ya Kiingereza; katika zama za kati lilikuwa hasa kuinuka kwenda vitani, na askari wa kukodiwa wa Uswisi waliitwa Reisläufer kwa sababu hiyo. Na neno lao la taabu na dhiki, elend, kwanza lilikuwa hali ya mtu aliye katika nchi isiyo yake. Hapo Mswahili hutikisa kichwa kwa kukubali, maana amekwisha kusema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Kuna na ulingano mwingine ambao kila nikiufundisha hunifurahisha: sisi husema safari hii kwa maana ya mara hii, na watu wa Norway, kwa maana hiyo hiyo, husema denne gang, yaani huku kwenda. Hakuna aliyemwazima mwenziwe. Watu wawili walio mbali waliihesabu mara kwa kuhesabu mwendo.

Sasa nirudi ziwani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba, na ndani yake mto Songwe, ambao pande zake mbili wamekaa watu wa lugha moja, Wanyakyusa huku na Wangonde kule, ukafanywa mpaka. Mwaka uliofuata, 1891, wakaja wamisionari wa makundi mawili: Wamoravian, ambao kati yao alikuwamo Theodor Meyer, wakajenga Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin chini ya Alexander Merensky. Hawakupita Bagamoyo. Walishuka Quelimane, katika pwani ya Msumbiji, wakapanda mto Zambezi na mto Shire, wakafika ziwani, wakalipita lote kutoka kusini hadi kaskazini.

Itazame njia hiyo kwa jicho la kitenzi. Mahali penye maji mengi, Mjerumani alikuwa akifanya fahren. Mahali pa maporomoko ya Shire, ambapo chombo hakipiti, kitenzi kilikoma, na mizigo ikapanda juu ya vichwa. Mfano ulio mkubwa ni ule wa meli Hermann von Wissmann, ambayo ilishushwa majini mwaka 1893 ikawa meli ya Wajerumani ya kwanza ya ziwa lile. Ilikuja kwa vipande kwa njia hiyo hiyo ya Zambezi na Shire, na pale mto ulipokataa, watu waliibeba nchi kavu, chuma kwa chuma. Ilipounganishwa ikaanza kuwachukua wenyewe, hapo ndipo fahren ikarudi katika vinywa vyao. Sisemi hili kwa kejeli. Nasema tu kwamba kitenzi kilichokwisha kupandishwa juu ya gurudumu hakikuwa na mahali pa kukanyaga katika nchi isiyo na gurudumu, isipokuwa mtu mwingine ageuzwe gurudumu. Nasi tulikuwa na mitumbwi yetu, na njia zetu za migombani. Kinyakyusa kilikuwa na ukwenda, ndugu halisi wa kwenda ya Kiswahili, na ukubuka, kuondoka kuelekea mahali. Hakikungoja kufundishwa kutembea.

Kwa upande wa dini kitenzi hicho kilikuwa kikubwa zaidi. Katika Biblia ya Luther hata mzee Simeoni, akiomba aachiwe kwenda zake kwa amani baada ya kumwona mtoto Yesu, anaomba kwa kitenzi fahren, na sikukuu ya Bwana kurudi mbinguni huitwa Himmelfahrt, safari ya mbinguni. Kiswahili hakikufuata. Wafasiri walichagua kupaa, kitenzi cha ndege na moshi, nami naona walichagua vema: aliyepaa hakuchukuliwa na kitu.

Na safari? Ingekuwa vizuri kusema kwamba neno letu lilifika Konde likiwa na mikono safi, lakini historia hairuhusu. Pwani lilikuwa neno la vyombo na pepo za msimu. Lilipoingia bara lilishuka katika chombo likatembea kwa miguu, likawa jina la msafara wenyewe, watu na mizigo pamoja. Richard Burton alilisikia kwa maana hiyo akaliandika katika kitabu chake cha 1860, na tangu hapo Waingereza wakalijua. Katika ncha ya kaskazini ya Nyasa liliingia pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Aliyejulikana zaidi ni Mlozi, aliyejenga ngome karibu na Karonga katika miaka ya 1880. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wakawaua wengi waliokuwa wamejificha katika matete ya Kambwe, na walionusurika wakakimbia kuvuka Songwe kuja kwetu. Vita kati yake na kampuni ya Waingereza ya maziwa vilidumu hadi 1889. Yeye mwenyewe alinyongwa Desemba 1895. Kwa hiyo mkimbizi wa Kingonde aliyeuvuka mto ule akiwa na mtoto mgongoni alikuwa amekwisha kulijua neno safari, na alilijua upande wake wa mnyororo. Sisi walimu wa Kiswahili, tunapolisifu neno hili kwamba limeuzunguka ulimwengu, yafaa tukumbuke na njia lililopitia.

Ndipo ikaja vita ya 1914. Ziwani ilianza mapema: tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann ikiwa juu ya nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, mahali paitwapo Liuli leo, ikaivunja nguvu kabla wenyewe hawajapata habari kwamba kuna vita. Tarehe 9 Septemba Wajerumani wa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, wakiwa wamekwisha kuvuka Songwe chini ya Kapteni von Langenn, walipigana huko Karonga wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi Mei 1916 mwendo ukageuka, Jenerali Northey akauvuka Songwe kuja kaskazini, na Tukuyu ikaanguka mwezi huo huo. Kila jeshi, likienda na likirudi, lilikuwa na nyuma yake safu ya wachukuzi iliyo ndefu kuliko safu ya askari. Upande wa Nyasaland waliwaita tengatenga. Dar es Salaam jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, lilisagwa katika vinywa vya watu hata likawa Kariakoo. Wachukuzi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na waliouawa na maradhi na uchovu ni wengi mno kuliko waliouawa na risasi.

Baba yake bibi yangu alikuwa mmoja wa wachukuzi hao. Alirudi. Bibi alinilea Ngana, na habari za baba yake nilizisikia mara nyingi nikiwa mtoto, tukianika mpunga au kusubiri mvua ipite. Lakini ilinichukua miaka mingi, na shahada kadhaa, kutambua jambo moja katika usimulizi wake. Hakupata kusema hata mara moja kwamba baba yake alisafiri. Alikwenda mbali kuliko mtu yeyote wa kizazi chake katika ukoo wetu. Aliona mito ambayo sisi tumeiona katika ramani. Kwa Kijerumani kile cha zamani ungesema alipata Erfahrung ya nchi nzima. Bibi alisema: alichukuliwa.

Kitenzi chukua chastahili kutazamwa. Mtu huchukua mzigo, nao ni kazi ya mikono na mabega yake. Mtu pia huchukuliwa na maji, na homa, na askari wa boma. Kwa hiyo katika kinywa cha bibi mchukuzi alikuwa mtu wa kuchukua na kuchukuliwa kwa wakati mmoja, na sarufi iliyaeleza yote mawili kwa shina moja, bila kuongeza neno la uchungu. Mjerumani wa kale alifika karibu na jambo hilo kwa njia yake: führen, kumwendesha mwingine, na Fuhre, mzigo wa gari moja, ni maneno ya nyumba moja. Tofauti ni kwamba katika Kijerumani sauti ya kitenzi ni ya yule anayeendesha. Bibi alitusimulia kwa sauti ya aliyeendeshwa. Leo serikali yetu ina wizara nzima yenye jina la uchukuzi, ishughulikayo na reli, meli na viwanja vya ndege, na kila nipitapo penye kibao chake nawakumbuka wale waliolibeba neno hilo juu ya vichwa.

Wajerumani walipoondoka, maneno waliyotuachia katika Kiswahili yalikuwa machache ya kuhesabika: shule, ambayo ni Schule, na hela, iliyotoka kwa Heller, sarafu waliyoanza kuitumia katika koloni mwaka 1904, ambayo 100 zake zilikuwa rupia moja. Fahren haikubaki, wala chochote cha ukoo wake. Neno la darasani na neno la mfukoni yalikaa. La barabarani halikukaa, kwa kuwa halikuwa na kazi ambayo enda, safiri na chukua zilikuwa hazijaifanya.

Lakini wao walichukua. Maandishi ya Kijerumani ya miaka ile yamejaa maneno yetu: boma, shamba, pori, askari, na juu ya yote safari. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza katika vita ile, alipotoa kitabu chake mwaka 1920 alikiita Heia Safari, na ulikuwako na wimbo wa askari wenye jina hilo. Fikiri juu yake. Watu wa lugha yenye fahren na Reise, na yenye wandern ya kutembea kwa miguu, walipotaka kuwaeleza wenzao nyumbani walivyokwenda kwa mwendo wa msururu, mmoja nyuma ya mwingine, katika njia nyembamba, na nani alibeba nini, hawakuona katika hazina yao neno litoshalo. Wakatumia la wachukuzi wao. Baadaye safari lilisafishwa, likafikia kuwa ni gari lililo wazi na simba wa kupigwa picha. Mjerumani wa leo aendapo Serengeti hufanya fahren ndani ya Safari, na maneno yale mawili hatimaye yamekaa kiti kimoja. Hapo mwanafunzi wangu alikuwa na haki kidogo, ingawa alikosea kwa miaka elfu kadhaa.

Kwa njia ya Kiingereza, mjukuu mmoja wa per- amepata kuingia kwetu kwa mlango wa nyuma, naye ni feri. Ferry ya Kiingereza ni ndugu wa fahren, na sasa imekuwa jina la soko la samaki la Dar es Salaam, ambako watu hununua nguru na changu bila kujua kwamba wamesimama juu ya shina la Wagothi. Ziwani hatuna desturi ya kusema feri, twasema meli. Na meli nayo ina kisa: ni mail, barua, kwa sababu meli za moshi zilijulikana kwa kuleta barua, na mail yenyewe kwa asili ni mfuko wa kutilia vitu, neno ambalo Wafaransa walilipata kwa Wafranki na kuwapa Waingereza. Tumekiita chombo kwa jina la mzigo wake. Bibi angeona ni jambo la kawaida.

Katika sehemu za chini za Songwe, ambako ardhi ni tambarare na udongo ni laini, mto hubadili njia yake baada ya mafuriko. Mpaka ule wa 1890 ulifungwa katika kitu kisichotulia, na kwa sababu hiyo, pamoja na mambo mengine, Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja ya kuliangalia bonde la mto huo. Mtu aweza kulala shamba lake likiwa upande huu, na maji yakiisha kupungua akaliona liko ng'ambo. Hakupanda gari wala mtumbwi, hakulipa nauli, na migomba yake imesimama pale pale alipoipanda. Kwa Kijerumani sijui mtu kama huyo angepewa kitenzi gani. Kwetu hapewi kitenzi chochote. Watu husema mto umehama, kisha huanza kutafuta mahali pa kuvukia.